Nilivyochagua ubapa wa kisu cha Bibi hapa Muscat

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni dada wa kazi hapa Muscat, mtaa wa Ansab. Familia ninayoishi nayo asili yao Zanzibar, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili. Bibi akikasirika ndo anahamia Kiarabu.

Bibi ni mama wa bosi wangu, Khalid. Vidole vyake vimekakamaa. Juzi kati kisu kilimteleza akisafisha samaki, akajikata vibaya. Khalid akapiga marufuku: Mama asiguse kisu tena.

Tangu hapo akawa anakaa jikoni ananitazama tu. Chakula anakidonoa, anasukuma sahani.

Iliniuma.

Sasa Khalid aliwahi kurudi safari ya Finland na bapa za visu vya kazi vya kule, hazina mipini. Alitaka kutengeneza mwenyewe, zikaishia kwenye droo. Mimi baba yangu ni seremala Tukuyu, kuchonga nimekulia humo. Nikamwomba moja.

"Ya nini?"

Nikamwambia ukweli: nataka kumtengenezea Bibi kisu cha kumfaa mkono wake. Akasema, "Tengeneza. Lakini akijaribu, mimi niwepo."

Macho yangu yalienda kwenye ile ndefu ya carbon steel. Inanoleka upesi, makali yake balaa. Nikaijaribu kwa ndimu, nikaiacha kidogo nipokee simu. Kurudi, imeshaweka madoa. Jikoni kwetu ni samaki, chumvi na ndimu kila siku, kutu isingechelewa.

Halafu urefu. Ukiishika, ncha iko mbali, inavuta kiganja. Kwa mkono wa Bibi hiyo ni hatari.

Nikachukua stainless fupi, haizidi kiganja, mgongo mwembamba kiasi.

Visu hivi kwa asili havina kizuizi mbele ya mpini, vidole vinaweza kuteleza hadi kwenye makali. Kwa hiyo nikampa Bibi donge la unga alikamate kwa nguvu.

"Chapati gani hii ya donge moja?" akauliza.

Nikachonga mti wa mkunazi kwa kufuata alama za vidole vyake, mbele nikaacha nundu ya kuzuia vidole.

Ijumaa asubuhi Khalid akaleta nguru kutoka pwani ya Yiti. Bibi akakipima kisu mkononi.

"Kidogo mno hiki."

Akapasua tumbo la samaki. Khalid kasimama juu yake, mikono tayari kudaka.

"Taratibu, Mama."

"Khalid, wanizibia mwanga! Nna miaka mingapi napasua samaki mie?"

Akakata vipande vyembamba, polepole. Kichwa kilimshinda, akanisogezea. "Hiki kata wewe, Sekela."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Nawe usisimame bure. Menya vitunguu."

Wakuu, bosi wangu alivuta kiti akamenya vitunguu! Na mchana ule Bibi aliongeza wali.

Nilichojifunza: ubapa unachaguliwa kwa mkono utakaoushika na kazi yake. Uzuri wa kutazama baadaye.

Wanaojua kunoa visu vya aina hii nisaidieni, naogopa kuharibu makali.

Na wengine mniambie: mzee wenu nyumbani mmemnyang'anya nini kwa kumhurumia?