Chubwi Lisilofika Chini

Niliondoka Antwerp kwa sababu ya kitu kidogo kuliko punje ya harage. Miaka ile simu zetu bado zilikuwa za vitufe, na Tonton Déo, mjomba wa heshima tu, Mkongo wa Bukavu aliyewahi kunihifadhi kwake Brussels, alinipigia akilalamika: tangu ahamie Ubelgiji hajapata samaki hata mmoja wakati wa baridi. Nije nimchagulie machubwi, zile risasi ndogo zinazozamisha ndoano. Mimi shule niliiachia darasa la sita kule Tabora, na uvuvi nilikuwa siujui. Ila nilikuwa nimefanya kazi miezi mitatu katika ghala la vifaa vya uvuvi, na kila pakiti niliyoifunga niliuliza ni ya nini. Nikajaza mfuko wa koti: gramu moja, tatu, tano.

Ijumaa jioni, Schaerbeek, mtaa wa Brussels. Mlango alinifungulia Maman Béa, mkewe.

“Karibu, professeur wa machubwi! Lakini ule muzee hakosake samaki sababu ya chubwi. Anahesabu mpaka six, anavuta. Siku zote six. Umuulize.”

“Béa, wacha mugeni akule,” Tonton alisema kutoka jikoni, bila kucheka.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tulipanda tramu kwenda kuvua Uccle, kusini mwa jiji. Nikamuuliza kwa nini six. Alifuta mvuke kwenye kioo kwa kiganja, akatazama nje.

“Ku ziwa Kivu, samaki iko juu. Chini kabisa ni gaz, hakuna kitu inaishi. Baba alinifunza: usishushe ndoano mbali.”

“Lakini hapa si Kivu, Tonton.”

“Pascal iko kule chini,” alisema. Pascal alikuwa mdogo wake. Walipokimbia vita mtumbwi wao ulipinduka Kivu, naye hakuonekana tena. “Kama ndoano inagusa chini, bon, minaona itamushika. Hata hapa. Maji ni maji.”

Nilishika machubwi mfukoni, yalikuwa baridi kama meno.

Bwawa la chama cha wavuvi liko mwisho wa njia ya miti. Ukungu ulikuwa umekula ng'ambo yote. Hatua kumi tu za maji zilionekana, nyeusi, bila kiwimbi. Bata walikuwa ukingoni, lakini hawakulia. Kule kwenye ukungu mtu akakohoa.

“Nani yule?” nikauliza.

“Ng'ambo hakuna njia,” Tonton alisema. “Kuko ukuta tu.”

Tukaanza kazi. La gramu moja lilishuka kama unyoya. Tonton alipofika six, lilikuwa bado linaning'inia katikati ya maji, mahali ambapo majira hayo hakuna samaki, maana kwenye baridi hukaa chini. La gramu tano nililirudisha mfukoni, kwa kuwa lingepita mbio, na samaki aliyeganda kwa baridi hafukuzi kitu. Nikafunga la gramu tatu. Ubao wa langoni mwa bwawa ulisema kina ni mita nne. Kwa hesabu yangu lingegusa chini kwenye nane, na hapo mshipi ungelegea.

Nilirusha. Tonton akahesabu. “Un, deux, trois, quatre, cinq, six. Vuta!”

Sikuvuta.

“Sept,” alisema kwa sauti ndogo. “Huit.”

Mshipi haukulegea. Tisa. Kumi. Kumi na mbili. Uliendelea kutoka, taratibu, kana kwamba bwawa halina mwisho.

“Hakuna chini!” Tonton alikuwa ameshatoa kisu. “Kata! Wacha kucheza, kata!”

Ndipo nikaona kwamba mshipi hauendi chini. Ulikuwa unakwenda upande, kule kikohozi kilikotokea.

“Tonton, kuna kitu kimelibeba. Kishike wewe.”

Nikamtia fimbo ya kuvulia mkononi. Kisu kilikuwa kwenye mkono mwingine. Aliutazama mshipi, akautazama ukungu. Kisha kisu kikaanguka kwenye majani, akainua fimbo.

Alikuwa samaki aitwaye perche, mpana kama kiganja, mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu. Tonton hakushangilia. Alimchomoa ndoano, akarusha tena peke yake, akahesabu kwa sauti. Kwenye huit mshipi ukalegea.

“Imefika,” alisema.

Aliiacha ndoano pale chini muda mrefu. Hakuna kilichoishika. Sikuwahi kuona mtu akisikiliza maji namna ile.

Jumapili mchana alinisindikiza stesheni. Ghalani nilikuwa nimefundishwa kwamba chubwi huchaguliwa kwa kina, upepo na aina ya samaki. Yote ni kweli. Lakini kwa Tonton nilijifunza kuuliza kwanza mvuvi yuko tayari liende mpaka wapi. Swali hilo halikuandikwa kwenye pakiti yoyote niliyoifunga.

Treni ilipoingia alinitia mkononi machubwi yote ya gramu moja.

“Urudishe izi,” alisema. “Hazifikake chini.”