Jina Lililozidi Mizani Moja

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka masikio yanapata moto kiasi cha kuchomea mihogo. Wewe umekuja na simu yako umeandika shairi la harusi ya rafiki yako, unataka nikuangalizie mizani. Nitakuangalizia. Lakini kwanza kaa, nikueleze nilivyoaibika mbele ya watu wote wa kijiji chetu cha Misima, na wa Korogwe juu yake.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Korogwe, na jioni nasoma masomo ya watu wazima. Wenzangu dukani waliniita Profesa wa Giza. Siku niliyofaulu nilitembea kifua mbele mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada. Na katika yote niliyofundishwa, hakuna lililoniingia kama ushairi. Mwalimu alituonyesha kwamba kila silabi tunayoitamka ni mizani moja, na tangu hapo sikuweza kumsikia mtu akiongea bila kumhesabu. Mbuzi akilia, nahesabu. Kondakta akiita abiria wa Handeni, nahesabu, basi linaniacha.

Nikujuze kidogo, maana ndilo ulilolijia. Utenzi ni ule wenye vipande vifupi vya mizani nane nane, vinne kwa ubeti. Vitatu vya kwanza vinaishia kwa sauti moja, na cha nne kinashika sauti yake inayorudi ubeti kwa ubeti mpaka mwisho. Huo ni wa safari ndefu, wa kusimulia vita au kumpa mwali mawaidha ya asubuhi nzima. Shairi lenyewe tulilozoea lina mishororo minne, ndiyo tarbia, na kila mshororo umekatwa katikati: nane huku, nane kule. Sauti ya katikati inafanana chini hadi juu, na ya mwisho vivyo hivyo. Hivyo ndivyo vina. Mshororo wa mwisho ukirudiwa kila ubeti unaitwa kibwagizo, nao waweza kushika kina chake wenyewe, na hapo ndipo watu wanapoitikia. Ubeti ukiwa na mishororo mitatu ni tathlitha, mitano ni takhmisa. Halafu kuna mashairi huru, yasiyofungwa na hesabu yoyote. Siku hizo niliyadharau hayo. Nilisema ni ya watu wavivu. Ngoja umjue mvivu ni nani.

Binti wa baba yangu mdogo, Rehema, aliposwa na watu wa Korogwe. Rehema alizaliwa na Asha, lakini Asha aliondoka mtoto hajajua kutembea vizuri, akaenda kuolewa Kabuku. Baba mdogo akaoa mke mwingine, Mwanahamisi. Haukupita muda baba mdogo akafariki. Watu walitegemea Mwanahamisi atarudi kwao. Hakurudi. Alilima shamba la marehemu, akamlea Rehema kama aliyemtoa tumboni mwake. Hata mimi nimekula ugali wake mwingi, ungekusanywa ungefika kilele cha milima ya Usambara.

Nikaombwa nitunge shairi la kumuaga mwali. Kwetu wakati ule lilikuwa jambo zito. Anayesoma huwataja waliomlea bibi harusi, na shangazi wa bwana harusi husimama na doti ya kanga, ile ya mkaja wa mama, zawadi ya aliyemlea mwali, anasikiliza. Jina likitajwa, kanga inawekwa mabegani mwa mwenyewe, vigelegele vinapigwa, na tangu hapo wakwe wanajua mama yao ni nani.

Siku moja kabla ya harusi Mama mdogo Mwanahamisi alinikuta nahesabu mizani kwa vidole uani.

"Profesa, na mimi nimo?"

"Umo, Mama mdogo! Ubeti mzima wako!"

Akacheka, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga kama msichana. "Usinipambe sana, nitashindwa kukaa mbele za watu."

Nikaingia ndani kutunga. Nikaandika, *Kakulea Mwanahamisi*. Nikahesabu: tisa. Nikahesabu tena: tisa. Na ubeti wangu ulikuwa unatembea kwa kina cha "sha", nimeshaanza na "kukumbusha", nimeshamaliza na "akaepusha", jina lake linaishia "si". Nililigeuza huku na huku. Halafu, mwanangu, likanijia jina la Asha, fupi, laini, likakaa pale kama mguu kwenye kiatu chake. Nikajiambia Asha ni mama mzazi, uongo uko wapi? Nikajiambia Mwanahamisi nitamweka ubeti unaofuata. Usingizi ukanishika kabla ya huo ubeti.

Kesho yake nikapewa kipaza sauti. Sauti yangu siku hiyo ilifukuza kunguru wote wa wilaya.

*Leo twaja kukumbusha, ulikotokea nyuma,*
*Aliyekulea Asha, kwa upole na huruma,*
*Mabaya akaepusha, ukakua kwa heshima,*
*Rehema mwali wa kwetu, nenda ukae salama.*

Mizani ilitimia yote. Watu wakaitikia kibwagizo, na shangazi wa bwana harusi, mgeni asiyejua lolote, akauliza kwa furaha, "Mama Asha ni yupi?" Akaonyeshwa. Asha alikuwa amekuja kutoka Kabuku, amekaa nyuma kabisa kama mgeni wa kawaida. Kanga ikamwangukia mabegani. Aliinamisha uso. Angeivua vipi, na vigelegele vile?

Mama mdogo Mwanahamisi alikuwa ameshanyanyuka nusu. Amevaa gauni jipya. Alibaki hivyo, mkono mmoja kwenye mkeka, akisubiri kama nitaendelea. Mimi nikainama kuwashukuru wageni. Yeye akasimama moja kwa moja, akaenda jikoni kwenye masufuria, akashika mwiko. Nilimwona Rehema chini ya mtandio wake, mabega yanatetemeka. Watu wakasema mwali analia kwa kuagwa.

Mama yangu alinivuta nyuma ya nyumba.

"Mwanahamisi umemweka wapi?"

"Jina lake lilizidi, mama."

"Lilizidi nini?"

"Mizani moja. Mstari ungeharibika."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. "Mwanahamisi alipoachiwa mtoto yule mgongoni, mume kaburini, kuna mtu alimwambia amezidi?"

Nilipewa masufuria nisugue, na ndiko, mikono kwenye majivu, ubeti ulikonijia bila hata kuutafuta.

*Mwanahamisi mamako, ndiye aliyekulea,*
*Homa ilipokuwako, usiku alikeshea...*

Hesabu mwenyewe. Nane, nane. Jina lilikuwa linaingia tangu mwanzo, kama ningekubali kuubomoa ubeti wangu na kuanza upya. Mvivu nilikuwa mimi.

Nikamfuata jikoni, nikamsomea kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akipuliza moto.

"Zuri," akasema. "Lakini mimi nilikuwa najua niliyoyafanya, baba. Kawasomee wale waliosikia la kwanza."

Nilitoka mbio. Magari ya Korogwe yalikuwa yameshaondoka na mwali, na waliobaki walikuwa wanakunja turubai. Baadaye nilikwenda ukweni kwa Rehema, nikausoma ubeti mbele ya shangazi yule. Alisikitika, akatuma kanga nyingine Misima. Mama mdogo aliipokea kwa shukrani, akaikunja, na sikuwahi kumwona ameivaa. Umati ule haukukutana tena. Majuzi tu, kwenye msiba Kabuku, mama mmoja alimwona Mwanahamisi amekaa karibu na Rehema, akaniuliza, "Yule bibi ni nani kwake?" Nilimjibu. Nimekuwa nikijibu hivyo hivyo miaka yote.

Basi shika haya, mwanangu. Jifunze tarbia na utenzi, jifunze kukata mshororo mpaka usikike vizuri masikioni, maana shairi lililokaa sawa ni raha kubwa. Lakini kabla ya kuhesabu silabi, hesabu watu. Jina likikataa kuingia, vunja ubeti, badili kina, andika upya. Ikishindikana kabisa, soma shairi huru, usimame useme ukweli bila vina, hakuna atakayekufunga. Na ukimwambia mtu "umo", hakikisha yumo kabla hujashika kipaza sauti, kwa sababu lililosemwa mbele ya wote halisahihishwi jikoni.

Mungu akujalie kalamu yenye subira. Akupe kuwaona wanaokaa kimya, na wakupende watu utakaowataja. Mola akutangulie, mwanangu, wewe na nyumba yako.