Mwalimu Aliyekataa Kuku

Kageha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na akishaamua jambo, heri ubishane na mvua ya Kakamega. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru alikuwa akifundisha katika shule ya binafsi ya Bwana Sylvanus pale mjini, shule ya watoto wa makarani na wafanyabiashara, sare zimepigwa pasi mpaka zinang'aa. Siku moja alimwomba mwenye shule chumba kimoja awafundishie watoto viziwi na wasioweza kutembea, kazi aliyojifunza kwa masista wa misheni.

Sylvanus alicheka. "Mwalimu, huku kwetu hatuna watoto kama hao. Umewaona wapi? Ukiwapata, chumba chako."

Loo! Hapo alimchokoza asiyechokozwa. Watoto walikuwapo tele, ila mgeni akibisha hodi walifichwa vyumba vya nyuma, kwa kuwa watu walisema mtoto wa namna hiyo ni laana. Kageha aliyajua hayo. Alijua pia kwamba kwa Waluhya wenzake mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na mgeni akiondoka bila kuonja hiyo ingokho, boma zima limetukanwa.

Basi akaanza kutembelea watu. Kule Iguhu, kwa mzee Cleophas, kuku aliletwa akitoa mvuke, ugali wa obusuma pembeni, na maji ya kunawa yakaletwa. Kageha akakunja mikono kifuani.

"Mimi nakulanga na watoto wote wa boma," akasema. "Wote, mzee."

"Lakini kuku atapoa, Mwalimu!"

"Na apoe. Mimi sina haraka."

Mzee alikasirika, akasihi, akamtazama mkewe. Kuku akapoa kweli. Mwishowe yule mama akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaenda nyuma, akamtoa George, mvulana kiziwi ambaye majirani walidhani alikufa utotoni. Kageha akanawa, akachukua paja, akampa George kwanza.

Khayega nako ikawa vivyo hivyo. Wapo waliomtukana, na mmoja alimtupia mbwa yule kuku mbele ya macho yake. Juma lililofuata Kageha akarudi boma lile lile, akaketi kiti kile kile. Mwanamke yule! Mpaka muhula ulipofunguliwa, chumba alichoahidi Sylvanus kilikuwa kimejaa.

Lakini wazazi wenye watoto wazima wakaanza kunung'unika, eti wanao wataambukizwa. Kuambukizwa nini, miguu? Upuuzi mtupu! Ila wao ndio waliolipa karo, na Sylvanus aliwaogopa. Akamwalika Kageha nyumbani kwake Jumapili. Walimu wote walielewa: lile darasa linafungwa, na bwana mkubwa atalisema kwa upole, mezani, kama mtu wa adabu. Kageha alikwenda hivyo hivyo. Alimfikiria George, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kuandika jina lake. Angerudishwa kule nyuma ya nyumba.

Mke wa Sylvanus, Priscah, alikuwa ameshaandaa kuku. Wavulana wao walikaa kwenye kochi.

"Kula kwanza, Mwalimu," Sylvanus akasema. "Kuna neno nitakwambia tukishashiba."

Kageha hakuwa na hamu ya chakula. Kwa mazoea tu, na labda kwa kuchelewesha hilo neno, akauliza, "Watoto wote wamefika?"

"Wote hao hapo," Sylvanus akajibu upesi.

Priscah alikuwa ameshika jagi la maji ya kunawa. Akalitua mezani. "Si wote."

"Priscah!"

"Si wote, Baba. Nimechoka mimi."

Akatoka, akarudi na msichana mgongoni, miguu yake myembamba ikining'inia. "Huyu ni Khalayi," akamwambia mgeni. "Ndiye kifungua mimba wetu."

Haki ya Mungu, Kageha hakujua! Khalayi alimtazama mgeni kwa muda, kisha akamgeukia baba yake, akanong'ona, "Baba, leo mgeni yupo. Naruhusiwa kuongea?"

Sylvanus, mtu wa suti na tai, alifunika uso akalia mbele ya wanawe.

"Ongea, mama," akasema. "Ongea mpaka uchoke."

Lile neno la baada ya kushiba halikusemwa siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Jumatatu asubuhi Sylvanus aliliacha gari nyumbani, akambeba bintiye mgongoni, akapita naye katikati ya soko mpaka shuleni, akiwasalimu wale wazazi mmoja mmoja. Waliowaona wanasema njia nzima Khalayi alikuwa akiongea.