Gari Juu ya Magogo

Mume wangu, Orrin Tillotson, alikuwa mkulima wa mahindi asiyependa mahindi. Alichopenda ni kuongea. Mwaka 1925, kampuni mpya ya bima ya magari ilipotafuta mawakala huku kwetu Illinois, aliirukia kazi hiyo hata kabla hajaniuliza.

Ilikuwa kampuni ya wakulima. Zile za Chicago zilitutoza kama watu wa mjini, ilhali sisi Novemba ikifika, kwa ajili ya theluji, kila mtu aliliinua gari lake ghalani juu ya magogo, akamwaga maji ya rejeta yasigande, akarudi kwa farasi hadi Machi. Kampuni ilimpunguzia ada aliyefanya hivyo, na wakala alikuja kukagua. Alipitisha mkono chini ya kila tairi kuhakikisha haligusi chini, akaandika.

Orrin aliuza bima kwenye mnada wa nguruwe na mlangoni mwa kanisa. Nilimwambia, "Wewe utakuja kumuuzia hata maiti."

"Kama ana gari, nimwache kwa nini?"

Lakini alitaka wilaya yetu isiwe na ajali hata moja wakati wa baridi, ili wakubwa wamwone hodari. Basi akaongeza maneno yake: "Ukilishusha gari kabla ya Machi, bima imekufa, na wewe umevunja ahadi uliyotia sahihi." Hati haikusema hivyo. Ulitakiwa tu kuiarifu kampuni kwa kadi ya posta kwamba umelishusha, siku yoyote. Mimi nilijua, na nilicheka naye mezani. Sijajisamehe.

Jirani yetu wa kaskazini, Emil Raddatz, alikuwa Mjerumani, mtu wa kushika neno lake, naye alikata bima kwa Orrin. Januari iliyofuata mkewe Hulda alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, mtoto amekaa vibaya. Barafu ilikuwa imekata nyaya za simu. Barabara yenyewe ilikuwa imeganda ngumu. Ungetia maji ya moto kwenye rejeta, gari lingefika kwa daktari kwa dakika ishirini. Minna, dada yake Hulda, alikuwepo.

"Nilimwambia alishushe," Minna aliniambia siku ya mazishi. "Akasema ametia sahihi. Akafunga farasi kwenye mkokoteni."

Farasi waliteleza njia nzima. Walichukua saa tatu. Hulda alikata roho kabla hawajafika daraja la kwenda kwa daktari, na mtoto tumboni.

Tangu hapo Orrin alikuwa akila, anaweka uma chini. "Sikia. Kuna farasi barabarani." Nilitoka kuangalia. Barabara tupu. Mwaka wa pili nikaanza kuwasikia mimi pia, wakiteleza, wakijaribu kusimama, na nikaacha kutoka.

Na kila Novemba Emil alileta ujumbe: bima naiendeleza, njoo ukague. Orrin alikwenda, akarudi hana rangi usoni. Mwaka wa tano nikafuatana naye. Nilimwambia, "Leo utasema, au nitasema mimi."

Emil alitufungulia ghala. Gari lilikuwa juu ya magogo, vumbi nene hata kwenye usukani. Halikuwa limeshuka tangu msiba.

"Kagua," alisema.

"Emil, ngoja kwanza." Sauti ya mume wangu ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Ile sheria ya Machi haikuwepo. Niliitunga mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliisoma hati wiki ile ile ya mazishi. Niliisoma mara mbili, maana Kiingereza changu kibovu."

"Sasa mbona hukusema? Na hii bima ya gari usiloendesha unakata ya nini?"

Emil alimtazama bila hasira. Afadhali ingekuwepo.

"Nisipokata, wewe utakuja hapa kufanya nini?"

Nilishindwa kuvumilia. "Bwana Raddatz, mtukane basi! Mpige, nitakushikia koti."

"Hapana, mama. Hiyo ingekwisha leo." Akamgeukia Orrin. "Kagua."

Mume wangu alipiga magoti. Alipitisha mkono chini ya tairi la kwanza, la pili, la tatu, la nne, polepole, huku akilia.

"Liko juu," alisema.

"Andika."

Akaandika. Emil alitusindikiza hadi langoni, akatufungulia, akavua kofia kwa heshima yangu.

"Novemba ijayo," alimwambia Orrin, "usichelewe."