Usubi Siku ya Swali

Tormod MacAskill alikuwa na kanuni moja: ukiulizwa, sema unachokijua, kisha nyamaza. Aliishika miaka thelathini akifundisha biolojia katika shule ya kisiwa chetu cha Lewis, na haikumkosanisha na mtu ila wakaguzi.

Alikuwa pia mtu wa sala. Marehemu baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mwenye nafasi kwenye benchi lililo chini ya mimbari, na Tormod alilitamani benchi lile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mwaka ule nafasi ikapatikana. Kura zingepigwa wiki moja baada ya Ushirika wa Agosti, zile siku za ibada za Meza ya Bwana, na wote tulijua ni zake, ilimradi apite salama Ijumaa.

Ijumaa ya Ushirika kwetu ni Siku ya Swali. Mzee mmoja husimama na kutoa swali, kisha mchungaji huwaita wanaume mmoja mmoja ili walijibu, si kwa ya vitabuni bali kwa yaliyowapata wenyewe.

"Ukiitwa, sema machache," mkewe Peigi alimwonya akimnyoosha tai. "Na wadudu wako uwaache nyumbani."

"Nikiulizwa habari zao je?"

"Kanisani, Tormod? Nani ana shida hiyo?"

Siku hiyo kulikuwa na joto. Madirisha yalifunguliwa, na usubi wakaingia wingu zima. Mzee Uisdean, huku akijikuna shingo, akatoa swali: mtu atajuaje kwamba baya lililompata lilitumwa kwa kusudi jema? Watatu walijibu vizuri, nao wakijikuna. Ndipo mchungaji akamwita Tormod.

"Hawa usubi," akaanza. Peigi akafumba macho. "Anayeuma ni jike tu. Anatafuta damu ili mayai yake yakomae. Kwake hilo ni jema, kwangu ni upele. Dume haumi mtu. Yeye hucheza hewani na kunywa maji ya maua."

"Kama wangu," sauti ya mwanamke ikasema nyuma, na kanisa zima likacheka, jambo ambalo halikuwa desturi yetu.

"Mwalimu," mchungaji akasema, "tunauliza kusudi la Mungu, si la usubi."

"La usubi nimelisoma, mchungaji. La Mungu sijaonyeshwa. Dada yangu alipokufa na miaka yake sita, watu walikuja kumweleza mama kusudi lake. Mama akawapa chai. Mungu namwamini. Lakini kusudi lile silijui, na nikisema ninalijua, nitakuwa nimetenda baya mimi mwenyewe, hapa mbele yenu."

Akaketi. Hakuna aliyejikuna.

"Maneno mawili tu, mume wangu," Peigi alisema njiani. "'Mungu anajua.' Basi, tungekwenda zetu kula."

"Mzee Uisdean hakuniuliza kama Mungu anajua. Aliniuliza mimi ninajuaje."

Alipata kura tisa tu. Yangu haikuwamo, ingawa nilijua amesema kweli. Aliishi miaka kumi na minne zaidi, akaketi karibu na mlango penye baridi, na jina lake halikupendekezwa tena. Jibu lile lilimnyima uzee wa kanisa mpaka alipokufa.