Jiwe Langu la Volkano

Nilivaa suti niliyostaafia, nikapanda basi la mchana kutoka Handeni kwenda Korogwe, jiwe likiwa mfukoni. Lilikuwa zito kiasi cha kuvuta koti upande mmoja, hivyo niliingia ukumbini nimeinamia upande kama mtu mwenye jipu. Chama cha wanajiolojia, waliokuja kutazama miamba ya Lutindi, huko juu Usambara, kilikuwa kinafunga ziara yao kwa chakula cha jioni na mhadhara kuhusu chanzo cha milima. Mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nilipewa neno la shukrani. Neno la shukrani ni la dakika mbili. Nilikuwa nimeandaa kurasa nne.

Ukweli ni kwamba sikwenda kumshukuru mtu. Nilikwenda ili mtaalamu aseme mbele ya watu kwamba jiwe langu ni la volkano.

Nilipewa na baba. Alikuwa mhunzi kwenye karakana ya shamba la mkonge karibu na Korogwe, mtu aliyetoka kusini akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Hakuwa msemaji. Kula, lala, amka, basi. Jioni moja nilimwuliza ile milima tunayoiona kutoka kambi ya wafanyakazi tulikoishi imetoka wapi. Akatoa mfukoni jiwe jeusi la kung'aa, lenye matundu matundu, akaniwekea kiganjani. "Imetoka motoni," akasema. "Hiki ni kipande chake." Nilipokuwa darasa la sita akafariki, hakuacha hata picha. Nikabaki na jiwe na sentensi mbili, na kwa hizo niliwafundisha watoto wa Handeni miaka yote: Milima ya Usambara ilitapika moto, ushahidi huu hapa, pitisheni, msiangushe. Kitabu cha jiografia kilisema vingine. Niliwaambia kimeandikwa na watu ambao hawajafika Lutindi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika.

Mhadhiri alikuwa mama wa makamo, mpole. Alisukuma kitambaa cha meza kwa mikono miwili kikajikunja. Hivyo ndivyo mabara yalivyogongana zamani mno, akasema, na miamba ikaiva huko chini kwa joto na mgandamizo. Kisha akashika vipande viwili vya mkate vilivyobanana, akakipandisha kimoja. Baadaye sana ardhi ilipasuka, upande mmoja ukainuka ukawa Usambara, na upande wa pili ukabaki chini, ndiko tuliko sisi na mikonge yetu. "Kwa hiyo milima hii haikutokana na volkano," akamalizia.

Mwenye akili angesoma shukrani zake akakaa. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilisimama, nikasema itifaki imezingatiwa, nikatoa jiwe.

Likazungushwa meza hadi meza pamoja na sahani za pilau. Mzee mmoja, mwanajiolojia wa siku nyingi, akalilamba. Nilielezwa kuwa ndivyo wanavyofanya ili chembe za jiwe zionekane vizuri. Akatikisa kichwa polepole, nikadhani anakubali, nami nikajiona profesa. Mhadhiri akachukua sumaku iliyoning'inia kwenye funguo zake, akaisogeza, ikanasa. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

"Mwalimu," akasema, "hili tutaliongea tukishakula."

Alikuwa ananistahi. Aliyekataa kunistahi ni mpishi, bibi mmoja aliyekuwa anapita na bakuli la kachumbari. Alisimama, akaliinamia jiwe bila kuligusa.

"Mwalimu, hayo si mavi ya chuma?"

Mzee aliyelamba akavuta tishu.

"Ni takataka za chuma zinazobaki kwenye tanuri la mhunzi," mhadhiri akaeleza harakaharaka. "Bibi yuko sahihi."

"Kule kambini kwetu yalikuwa tele," bibi akaendelea. "Tulikuwa tunayaokota kwa ndoo, tunajazia njia ya chooni wakati wa mvua."

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote. Lakini iliniuma. Aibu ya kuwapotosha watoto wote wale ningeivumilia. Kilichoniuma ni kwamba baba aliniachia sentensi mbili tu, na zote mbili zilikuwa za uongo.

"Shikamoo bibi," nikasema, maana nilikuwa hata sijamwamkia. "Kambi ipi hiyo?"

"Marahaba." Akaitaja. Ilikuwa yetu. Nikamwambia kuwa mhunzi wa pale alikuwa baba yangu.

Akaliweka bakuli mezani. "Yule aliyekuwa anachechemea?"

"Ndiye."

"Basi hayo kayatoa yeye kwa mkono wake. Sisi mabinti tulikuwa tunakaa nje ya karakana kumsikiliza. Alikuwa anavukuta moto huku anaimba, kutwa nzima."

Nyumbani kwetu baba hakuwahi kuimba.

Mshereheshaji akakohoa kunikumbusha kuwa watu wanasubiri shukrani. Kurasa nne zilikuwa bado mkononi mwangu. Nikazikunja, nikazitia mfukoni pamoja na jiwe, kisha nikamvutia bibi kiti changu.

"Alikuwa anaimba nini?" nikamwuliza.