Picha za Wanawake Dukani kwa Talib

Mwanangu Bashira hupiga video za harusi, upande wa wanawake tu. Huko ndani wanawake huvua mabaibui, hucheza, na bibi harusi hukaa mabega wazi, kwa kuwa wanajua hakuna mwanamume atakayewaona. Mlangoni Bashira mwenyewe hukusanya simu za wageni katika kikapu. Miaka sita, haijavuja picha hata moja. Watu wa Jang'ombe humwita kwa sababu hiyo, si kwa uzuri wa kamera yake.

Mwezi uliopita kompyuta yake ilikuwa nzito, akaipeleka kwa Talib, fundi wa Amani. Alimwambia mara mbili, nami nimesimama pale: "Diski ina sehemu mbili. Piga Windows kwenye ya kwanza. Ya pili usiiguse, mna amana za watu."

"Naam, naam," akajibu Talib, macho yakiwa kwenye simu yake.

Jioni tukakuta sehemu moja tu. Ameifuta ya pili na kuziunganisha. Harusi ya Mwanakheri wa Bububu, iliyokuwa bado kukabidhiwa, haipo.

"Bahati mbaya," akasema. "Lakini nnayo programu ya kuzirudisha. Njooni kesho."

Kesho yake tulikuta wanaume watatu dukani wanasubiri simu zao. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya Talib, Mwanakheri alikuwa anacheza, kichwa wazi.

Nilitoa kanga mkobani nikakifunika.

"Bi Thuwaiba, nahakikisha tu kama zinafunguka. Fundi ni kama daktari."

"Daktari huuliza kabla hajapasua."

Mmoja wa wale watatu akacheka. Nikamwuliza dada yake anaolewa lini, nimlete mume wangu aje kutazama.

"Sasa nikifunikiwa kioo nitafanyaje kazi?" akauliza Talib.

"Ulipofuta hukuangalia. Na kurudisha usiangalie."

Bashira aliwatoa wale watatu, akakaa kwenye kiti cha Talib, akamwambia aelekee ukutani. Talib akawa anamwelekeza kwa mdomo: tafuta sehemu iliyopotea, chagua, hifadhi kwenye diski nyingine. Mimi nilichunga shingo yake isigeuke. Mpaka adhuhuri harusi zote zilikuwa zimerudi.

Nilidhani tumemaliza. Bashira akainakili harusi ya Mwanakheri kwenye diski ya peke yake, akaenda moja kwa moja Bububu, akamwambia Mwanakheri mbele ya mama yake: "Wanaume wanne wamekuona. Kosa langu, mimi ndiye niliyeiacha kompyuta kwa fundi."

Kosa lake! Mwanakheri alilia. Mama yake aliipokea diski bila kumtazama mwanangu usoni. Wiki ile ile nyumba mbili zikatuma salamu kwamba zimepata mpiga video mwengine.

Kwa Talib wateja bado wanapanga foleni. Jana nilipita mbele ya duka lake, akanyanyua kichwa.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba. Si zilirudi zote?"

Nikaenda zangu.